Maza Wote Wawili Wazima

Mgogoni,
Wete, Pemba.
9 Novemba 2024

Mpendwa kaka Hamzah,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Sohar ukiwa na afya njema, kazi inakwenda, na kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa ukinilalamikia kimepungua. Sisi huku sote hatujambo. Mama hajambo. Nalirudia hili kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwa macho: mama hajambo, anakula, anasali, na asubuhi hii ameshamgombeza muuza samaki.

Usishangae kupata barua zama hizi za simu. Zangu hupokei, na za rafiki yako Talib umezifungia kabisa. Aliyeamua ni mama. Alisema, "Simu ataikata. Barua haina pa kukatia." Basi Bi Khairat anarudi huko kwa mwanawe wiki hii, na ameniahidi kuwa atakukabidhi mkononi.

Tazama herufi zilivyonyooka. Nimeichapa kwa kompyuta ile ile uliyonitumia vifaa vyake, na hii ndiyo karatasi yake ya kwanza. Kwa hiyo ushajua kuwa na maza wa kwenye kasha naye mzima. Lakini nianzie mwanzo, maana wewe umesikia kipande tu, tena kipande kibaya.

Unajua vitu vyako vilivyofika. Leo anakuja mtu na feni, mwezi ujao mwingine na diski imefungwa ndani ya soksi, kisha Bi Khairat na kasha lenyewe. Kila mzigo ukiingia mama alikuwa akiuzunguka, anaugusa kwa kidole, na hakosi neno. "Mwanangu yuwaja vipande vipande," alisema siku ya feni. "Kichwa chake sijui kitakuja lini." Sikukwambia wakati ule kwa sababu hukutaka kusikia habari zake, na yeye alijidai hataki kusikia zako. Mimi nilikuwa katikati, nimechoka na nyote wawili.

Lile neno alilokutolea mlangoni baada ya arubaini ya baba, ulipochukua begi ukaiacha mikarafuu, hatujalitaja humu ndani tangu ulipoondoka. "Ukitoka, nihesabu nimekufa." Na wewe kwa ukaidi wako ukamhesabu kweli. Ukawa unatuma vitu kwangu, salamu kwangu, na yeye ukimpita kama nguzo ya barazani.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mazabodi, kile kibao kikuu kinachobeba vifaa vyote, ilipofika, nilimwita Talib aje tuiunge pamoja, ili nipate kufungua duka langu la kuchapa karibu na skuli. Talib ndiye fundi anayetegemewa Wete siku hizi, lakini maneno yake ni yale yale ya mlipokuwa darasa moja. Kwake kila kifaa ni mtu. Diski "analala", feni "anakohoa", pawasaplai "ana hasira". Na mazabodi, kama mafundi wote, huikata jina akaiita maza.

Tulililaza kasha ubavu juu ya meza ya chakula. Mama alitutolea vyungu, akafuta meza, akawa anapita akiokota vifuko vya plastiki kwa sababu hapendi takataka. Mimi nilishika chuma kwanza, kama nilivyofundishwa kwenye kozi, ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu. Nikaipanga prosesa pembe kwa pembe, nikairudisha ile nyenzo yake ndogo, ikatulia. Ramu nikazisukuma mpaka zikalia pande zote mbili. Kaka, ungeniona ungejivuna.

Tulipofika kuiweka maza ndani ya kasha nilimuuliza Talib, viko wapi vile vijiguu vya shaba vya kuiinua isigusane na bati? Akasema makasha ya kisasa yana bati lililoinuliwa, hayana haja navyo. Nami nikamwamini kwa kuwa kifuko chake sikukiona popote. Tukaikaza moja kwa moja kwenye bati. Tukabonyeza swichi. Kimya. Hata feni haikutikisika.

Tulifungua, tukafunga, tukabadilisha waya, tukatoa ramu moja, tukairudisha. Kimya kile kile. Nilitaka kulia, maana duka lote lilikuwa limesimama juu ya kile kibao. Talib akatoka uwani, akakuandikia ujumbe. Amenionyesha, na nauandika hapa ulivyo ili uone kuwa hakukusudia ubaya: "Hamzah, maza kafa. Tumehangaika nae tangu asubuhi, hakuamka. Pole sana ndugu yangu."

Nilipousoma ndipo nikaelewa. Angeandika "imekufa" tu, basi ungejua kuwa ni kitu. Lakini Talib huyo, na watu wake wa chuma! Na katika dunia nzima ni wewe peke yako uliyezoea kumwita mama "maza", akikukimbiza uwanja mzima na kata mkononi.

Ulipopiga simu nilikuwa nimeing'oa feni, mikono yangu imejaa ile pesti nyeupe ya prosesa. Nikamwomba mama anibonyezee simu na kuitoa sauti nje. Yeye alidhani ni mnunuzi wa karafuu, ukaanza kabla hajasema hata haloo. "Raniya, msimzike! Nisubirini, natafuta ndege!"

Mama alikaa chini pale pale, kwenye kizingiti. Nilitaka kusema, hukunipa nafasi. Ukaendelea kulia kama mtoto, kaka, na Talib kasimama mlangoni anasikia. Ukasema hukumuaga. Ukasema kila mzigo uliotuma ulikuwa wake yeye, mimi jina tu. Hilo sikulijua, na nakwambia wazi kwamba liliniuma kidogo na likanifurahisha zaidi. Kisha ukauliza, "Radhi nitamwomba nani sasa?"

Hapo ndipo mama alipojibu. "Niombe mie, baba. N'hai."

Tukasikia simu yako ikianguka. Tukaita, tukaita, halafu ikakatika. Tangu hapo hujapokea ya mtu, na kama si Abdulsamad wa chumbani kwako kumwambia Talib kuwa unakwenda kazini na kurudi, tungekuwa tunakulilia sisi.

Mama akainuka pale kizingitini. Akavuta pembe ya kanga afute macho, akakuta ina fundo. Akalifungua, na mle ndani kikatoka kifuko kidogo cha vitu vinavyong'aa. "Hivi vyenu?" akauliza. "Niliviona mezani, nikadhani dhahabu ya mtu." Ni vile vijiguu vya shaba! Alivifunga ili visipotee. Talib alicheka mpaka akajishika mbavu, na mama akacheka huku analia, na mimi na mikono yangu myeupe sikujua nifuate lipi.

Tuliitoa maza, tukavikaza vijiguu kwenye bati, tukairudisha juu yake isiguse chuma. Nilimwomba mama abonyeze swichi yeye. Akasema bismillahi, akabonyeza, feni zikazunguka zote. Kumbe haikuwa imekufa, ilikuwa imebanwa mahali pabaya tu.

Huku kwengine mambo ni shwari. Karafuu zimetoka vizuri, majamvi yamejaa uwanja mzima na nyumba yote inanukia. Ule mkarafuu wa baba karibu na kisima ulidhaniwa umekauka, umechipua tena upande wa chini. Duka nitalifungua skuli zikifunguliwa, inshallah.

Talib anakuomba radhi. Ameapa kuwa kuanzia sasa kila kifaa atakiita kitu, ingawa jana nilimsikia akimwambia printa "amka mama". Mfungulie simu yake, hana ubaya.

Shangazi Asya anakusalimu na anauliza kama bado huli pweza. Nisalimie sana Abdulsamad, mwambie tunamshukuru kwa kututazamia.

Na sasa mama. Amekaa hapa kando yangu na amesema niandike neno kwa neno, nisitie ya kwangu: "Mwambie neno lile la mlangoni nimelirudisha. Nilimwambia anihesabu nimekufa. Keshanihesabu, keshanililia, basi yamekwisha. Radhi zangu anazo, hata alipokuwa akiniudhi alikuwa nazo. Alitaka kupanda ndege aje kuzika. Na apande ile ile, aje anywe chai."

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akulainishie njia ya kurudi, na atukutanishe nyumba hii hii sote tukiwa wazima.

Jambo moja limebaki. Kompyuta inafanya kazi, lakini kasha bado liko wazi ubavu, na vumbi la hapa unalijua. Skrubu za kifuniko nilizitafuta mezani jana sikuziona. Mama sasa keshainuka, anajishughulisha na ufagio, wala haniangalii, na pembe ya kanga yake ina fundo. Nilipomwambia anipe, alisema, "Hizi za Hamzah. Atakuja kuzikaza mwenyewe."

Dada yako akupendaye, aliyekuwekea bisibisi,

Raniya binti Nasor