Msuka Viti wa Gulioni

Mei 3

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na magoti yamepata nafuu. Mimi mzima huku ughaibuni, bado nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, hadi nayaota yakinikimbiza.

Jumapili nilikwenda kwenye gulio la mtaa. Wenyeji wamekuwa wakilifanya tangu enzi za mababu zao: barabara inafungwa, mafundi wanafanya kazi mbele za watu, kila Jumapili mpaka mwisho wa Juni. Sasa sikia. Mzee mmoja msuka viti aliponiona akainuka.

"Umechelewa," akasema, akanipa kiti kilichosukwa nusu. "Endelea pale ulipoishia."

Nikamwambia amenifananisha. Nikakaa tu, nisimvunjie heshima. Mama, mikono yangu ikasuka! Mimi, niliyeshindwa kufunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu!

Nitarudi tena.

Mwanao

Mei 17

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanauma, ila cherehani inazunguka.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikuambia baba yako alikufa kwa homa. Ukweli ni kwamba sijui kama alikufa. Alikwenda huko huko nikiwa na mimba yako ya miezi mitano. Alikuwa msuka viti. Barua yake ya mwisho ilisema amepata nafasi kwenye gulio la mtaani. Kisha kimya.

Muulize huyo mzee baba yako alikwenda wapi, lakini umuulize umesimama. Usikiguse kiti kile. Niite mwoga, ila nisikilize.

Mama yako

Mei 31

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshakaa kusuka Jumapili zote hizi.

Nimemuuliza. Akanishangaa. "Hukwenda popote," akasema.

Watu wa mtaa wananiita kwa jina la baba, nami naitika bila kufikiri. Msimamizi hotelini analalamika siji kazini, nami nakumbuka kabisa nilikwenda jana. Usiogope. Kimebaki kipande cha ukubwa wa kiganja tu kiti kiishe. Nikimaliza narudi nyumbani.

Mwanao

Juni 12

Mwanangu,

Nimepiga simu hotelini. Hujaonekana wiki mbili. Acha kiti, panda ndege, njoo. Kazi tutatafuta hapa hapa.

Mama yako

Juni 28

Mke wangu,

Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukawia kuandika, kazi ilinibana. Leo nimemaliza.

Vipi mimba, inakusumbua? Miguu bado inavimba? Usinyanyue ndoo, dada yako akuchotee maji. Akizaliwa kabla sijarudi, niambie amefanana na nani.

Mumeo

Julai 13

Mume wangu,

Salamu zimefika. Mwandiko ni wa mwanao, maneno ni yako. Sikuulizi ulikuwa wapi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Alifanana na wewe mpaka mkunga akacheka. Sasa ana miaka ishirini na sita, hajui kuchemsha hata chai, na kila mwezi ananiandikia kuulizia magoti yangu.

Nilikulilia miaka mingi, majirani wanajua. Lakini ukiniambia leo nichague, sikuchagui wewe. Mpishe arudi.

Mama yake