Bajaji Iliyowekwa Rehani

Kismayu,
Jumatano asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa Idarus,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kifua kimetulia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Macho bado yanamtosha kuchambua mchele, na maneno, alhamdulillahi, hayajampungua.

Kaka, umeniuliza mara mbili kwa simu mbona hela za bajaji yako hazifiki, nami nikakujibu iko gereji. Haikuwa gereji. Ilikuwa imefungiwa uani kwa Shihab, mfanyabiashara anayekopesha watu kwa kushika vitabu vya umiliki wa magari yao. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kukwepa.

Baada ya Ramadhani nilitaka friza. Wanawake wa visiwa vya Kudha na Ngumi hushusha samaki hapa asubuhi, na mchana bei inaanguka kwa kukosa barafu. Shihab akanipa dola mia sita, nikampa kitabu cha bajaji akishike rehani kwa miezi minne. Bajaji yenyewe iliendelea na kazi. Mwezi wa tatu jenereta ya mtaa ikaharibika siku sita, samaki wote nikawatupa. Miezi minne ikaisha bado nadaiwa mia nne, zikapita siku tisa. Vijana wa Shihab wakamshusha Nabil, dereva wetu, mbele ya soko, yeye na abiria wake, wakaondoka na bajaji.

Nilipomwendea Shihab, alinionyesha mstari wa chini kabisa kwenye mkataba: nikichelewa hata siku moja, bajaji ni yake. Chombo cha dola elfu mbili, kwa mia nne nilizobakiza! Majirani wakanishauri ninyamaze, ni mtu mkubwa. Sikunyamaza. Nilichukua nakala ya mkataba nikaenda kwa kadhi.

Kadhi aliusoma mara mbili, akamwita Shihab, akamwambia kwamba rehani haigeuki mali ya mkopeshaji kwa sababu deni limechelewa. Inauzwa kwa bei ya soko mbele ya mashahidi, yeye anachukua haki yake, na kinachobaki kinarudi kwa mwenye mali. Nilitaka kupiga kigelegele. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: huyu Idarus, mwenye jina kwenye kitabu, yuko wapi, na alitia sahihi mkataba huu mbele ya nani?

Shihab akawahi kujibu kwamba ulikuja mwenyewe dukani kwake. Kisha akanitazama. Nilimwelewa. Nikikubali, bajaji itauzwa, chenji nitapewa mimi, friza itabaki, na wewe nitakwambia imeibiwa.

Kaka, sahihi ile niliiandika mimi. Niliinakili kutoka kwenye barua zako za zamani, hadi ile herufi ya mwisho unayoivuta. Shihab alijua, alisema mradi jina lifanane. Basi nikasimama, nikayasema yote hayo mbele ya kadhi. Mama alikuwa ameketi nyuma yangu. Alisema tu, "Mchu gani wewe?" Nami hadi leo najiuliza mimi ni mtu gani.

Kadhi akahukumu kwamba asiye mwenye mali hawezi kuiweka rehani bila idhini ya mwenyewe. Kwa hiyo bajaji irudi kwako, na deni libaki juu yangu. Imerudi jana, Nabil anaiendesha. Friza nimeiuza, Shihab nimemlipa mia tatu, na mia iliyobaki nitaimaliza kwa kukaanga samaki. Kuhusu sahihi, kadhi anataka neno lako kwa maandishi kabla mwezi haujaisha: je, uliniruhusu?

Nakujua moyo wako. Utataka kuandika kwamba uliniruhusu, ili dada yako asishtakiwe. Usifanye hivyo. Ukiandika hivyo rehani inakuwa halali, na Shihab atakuja kuichukua bajaji tena iuzwe kwa ile mia iliyobaki, safari hii kwa haki. Andika kwamba hukujua. Adhabu nitaikabili mwenyewe, na sitajificha. Ukiwa na msamaha wa kunipa, uandike chini ya maneno hayo, si badala yake.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mama anasema ule vizuri. Allah akuhifadhi.

Ni mimi mdogo wako,
Bushra