Chini ya Thelathini na Tano

Jumatatu, 2 Januari 2017

Yanqiu kapiga simu! Wanakuja Mwaka Mpya wetu wa Kichina, mwisho wa mwezi huu — yaani, huenda. Kuna sharti. Lile vumbi laini lisiloonekana, humu ndani liwe chini ya thelathini na tano, kila asubuhi, siku saba mfululizo, na kila siku nimtumie picha ya kipimo. Kipimo chenyewe ameshakituma kwa posta. Saba zikitimia, anakata tiketi. Zisipotimia, wanabaki zao Xiamen na bahari yao.

Simlaumu mwanangu. Mwaka juzi Doudou alikuja ana miaka miwili, na mkesha wa Mwaka Mpya tukaumalizia hospitalini, mtoto kavalishwa oksijeni, kifua kinapiga miluzi. Sasa ana minne. Mjukuu wangu wa pekee namwona kwenye simu tu, tena nusu kichwa.

Leo nje ni mia nne na kumi. Jengo la sita halionekani kabisa kwa moshi. Hakuna njia, lazima kisafisha hewa. Kesho dukani!

Jumanne, 3 Januari

Nimekwenda na Mama Geng wa ghorofa ya pili, mwenzangu wa kucheza ngoma uwanjani. Duka limefurika, utadhani wanagawa bure. Muuzaji, binti mwenye kucha nyekundu, kajaza moshi wa sigara kwenye boksi la kioo, kawasha mashine — moshi ukayeyuka hata sijapepesa macho! Nikapiga makofi. Mama Geng akamuuliza kama na mimi nitakuwa nakaa humo ndani ya boksi. Binti akanuna.

Zipo za kila namna. Moja inaosha hewa kwa maji. Moja inatoa harufu ya maua — ya nini? Moja inaongea! Binti anasema, shangazi, usiangalie sura, angalia ukubwa wa chumba chako, na uulize kama chujio lake linapatikana. Ukubwa wa chumba siujui. Miaka thelathini na moja naishi humu, siujui!

Jumatano, 4 Januari

Baba Yanqiu kapima. Mzee alikuwa akikereza vyuma kiwandani, kwa hiyo kapima mara tatu na kuandika mpaka milimita. Sebule mita za mraba kumi na nane na chembe. Yeye anataka mashine ya mita thelathini, maana wauzaji wote wanaongeza chumvi. Mimi naitaka ile nyembamba nyeupe. Tumebishana mpaka uji umepoa. Kasema ile yangu inafaa nyumba ya mwanasesere. Kanishinda, lakini sijamwambia.

Alhamisi, 5 Januari

TUMENUNUA! Nene, ya kijivu, haina urembo hata kidogo. Wanaume wawili wameipandisha mpaka ghorofa ya tano wakihema. Kipimo cha Yanqiu nacho kimefika, kadogo, kanaenea kiganjani. Tumewasha saa kumi: 190. Saa kumi na moja: 120! Nimeketi mbele yake mpaka chakula kimeungua.

Jumamosi, 7 Januari

Nimemaliza kuishonea nguo. TV ina nguo yake, friji ina yake, hata sufuria ya umeme ya wali ina yake. Mashine ya maana hivi ikae uchi? Kitambaa kilichobaki kwenye mapazia, maua makubwa mekundu, lesi mpaka chini. Imependeza! Mama Geng kaiona, naye anataka ya mashine yake ya kufulia.

Ila namba — 146. Labda bado inaizoea nyumba.

Jumapili, 8 Januari

151! Imepanda! Nimepiga simu dukani. Nimefoka. Nimewaambia wameniuzia debe tupu. Baba Yanqiu alikwenda kufunga mlango majirani wasisikie.

Jumatatu, 9 Januari

Fundi kaja, mtu wa makamo, mpole. Begi lake hata hakulifungua. Kaishika lesi kwa vidole viwili, kaiinua.

"Shangazi, umeivalisha koti. Itapumulia wapi?"

Aibu yangu! Baba Yanqiu kacheka mpaka kashika ukuta. Nimemlisha fundi machungwa manne ili asimwambie mtu. Saa mbili baadaye: 38. Thelathini na nane! Nguo nimeikunja kabatini. Inaniuma kidogo, ile lesi ilinichosha macho.

Jumanne, 10 Januari

33! Picha ya kwanza imekwenda. Yanqiu kajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu, lakini nimekitazama weee.

Jumatano, 11 Januari

29. Siku ya pili. Kukaanga pilipili ni marufuku, kunarusha namba mpaka mia mbili. Tunakula vya kuchemsha. Baba Yanqiu anaitazama kabichi yake tu.

Alhamisi, 12 Januari

34. Roho mkononi! Nje 390. Baba Yanqiu anasema kuanzia kesho picha atapiga yeye. Picha zangu hazitulii, na maziwa ya soya yananiishia kwa kuchelewa foleni. Haya, mzee, kazi kwako.

Ijumaa, 13 Januari

14!!!

Jumamosi, 14 Januari

12. Nimerudi na maziwa, kanionyesha picha. Nimembusu kwenye upara.

Jumapili, 15 Januari

11. Nimewatangazia wote uwanjani. Mama Geng anasema ataanza kuja kwangu kupumua, na kiingilio atalipa.

Jumatatu, 16 Januari

12. SABA! Yanqiu kakata tiketi palepale — Ijumaa hii! Anasema watu wanazigombania, kapata mbili za mwisho. Tuendelee kutuma picha mpaka wapande treni. Nimecheza jikoni peke yangu. Nimefua shuka za chumba kidogo. Nimenunua mto mpya, mdogo, una picha ya bata.

Jumanne, 17 Januari

Nilikuwa nimefika getini nikakumbuka pochi. Nikarudi. Baba Yanqiu kapiga magoti mbele ya mashine, kipimo kakishikilia kwenye mdomo wa hiyo mashine, pale hewa safi inapotokea. Simu mkono wa pili, anapiga picha.

Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa.

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ilikuwa ngapi?"

"Hamsini na mbili." Hakuinuka. "Ningeituma hiyo, tungeanza kuhesabu upya. Na tiketi zingekwisha. Mama Yanqiu, nina miaka sabini na moja. Nataka kumwona mtoto anakula kwenye meza yangu, basi."

Nilitaka kumchamba. Na mimi nataka hicho hicho, ndiyo maana nina hasira hivi. Nimechukua kipimo nikakiweka juu ya mto wa bata. Nikasubiri.

47.

Leo hatukutuma picha.

Jumatano, 18 Januari

Tumeziba madirisha kwa karatasi ya gundi. Mashine tumeihamishia chumba kidogo, mlango tumefunga. 41. Mzee kalifunga chujio la akiba kwenye feni kwa kamba, inanguruma kama trekta. 39! Nikaruka! Dakika kumi baadaye, 42.

Anasema iko karibu sana. Karibu kwa nani? Mimi na yeye tumevuta moshi wa mji huu tangu ujana, tumezoea. Kile kifua si chetu.

Mchana Doudou kaniachia ujumbe wa sauti kwenye simu. Soksi zake kazipanga mwenyewe kwenye sanduku, na anauliza kama bibi atakubali alale katikati. Nimeisikiliza mara sita. Baba Yanqiu akaniomba nimwekee na yeye.

Nimeupiga picha mto, na kipimo juu yake. 40. Nimeandika: Mwanangu, hii ndiyo ya kweli. Zile nne za mwisho tulizipimia mdomoni mwa mashine. Nimeandika "tulizipimia". Sitamwacha mzee abebe peke yake. Alikuwa anasoma nyuma ya bega langu, nasikia anavyopumua. Hakuniambia nisitume.

Nimetuma.

Simu inaita! Ni Yanqiu. Baba Yanqiu kaizima feni. Ananisukumia simu — pokea wewe, wewe ndiye mama. Namrudishia — pokea wewe, picha ni zako. Kaisukuma tena. Anasema itakatika hiyo, pokea! Nimemwambia siwezi, haoni naandika?