Maji Yetu Yamekusema, Masunga

Wewe Masunga, mwanangu, huna haya! Salamu kwanza, mwangaluka, ndipo nikuchape.

Nimefika kwa binti yako Limi, Bariadi. Maji yao ya bomba nimeyakataa, nikawatolea kidumu changu pale maabara anapofanya kazi: "Onjeni maji ya lambo letu, matamu!" Limi akatia kidogo kwenye mashine. Kila kilichomo majini kinatoka kwa zamu, kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Zamani waliinywesha kemikali za sumu, siku hizi Limi anaipa maji na spiriti kidogo. Inakunywa kama wewe, ila yenyewe ikinywa inasema kweli.

Ikatoa dawa ya kuchoma ng'ombe sindano! Wote wakakitazama kidumu changu.

"Bibi, nani anaoshea sindano kwenye lambo?" Limi akauliza.

"Simjui," nikasema. Kwa uzee huu, wewe unanifanya mwongo!

Wanao wanakunywa humo, na Limi anasema hata kuchemsha hakuitoi dawa hiyo. Nakupenda, mjinga wangu. Leo hii watoto wachote maji kwenye kisima cha shuleni. Sindano zako ziondoe lamboni, na mvua zikishalijaza upya, nitumie kidumu kingine kwa basi. Sitaki kuaibika mara mbili.