Tia Saini Kabla ya Kulikata

Hilmar, California
12 Januari

Mpendwa mwanangu Duarte,

U hali gani huko Washington, na baridi yenyewe? Goti lako je? Mimi mzima, ila presha imepanda, na aliyeipandisha utamjua sasa hivi. Ng'ombe hawajambo.

Kwezi wamerudi, wingu zima. Wanadonoa mahindi kwenye chakula cha ng'ombe, na wanachobakiza wanakinyea. Pona yetu ni mjukuu wangu Liduína na kipanga wake Farrusca anayewatimua. Mtoto ulimfundisha wewe mwenyewe, hapahapa uani, kabla hujakimbilia mashamba ya matunda ya cheri ya watu.

Jumanne akaja mkaguzi wa leseni za kurusha vipanga, kijana mwenye viatu visivyojua matope. Eti Liduína ana leseni ya daraja la kati. Akimrusha kipanga kwa kujifurahisha, sawa. Akipata chochote kwa kumrusha, kosa, mpaka jina lake liwe chini ya leseni ya mtu wa daraja la juu. Kwezi walewale, kipanga yuleyule. Mimi niliishia darasa la nne, lakini upuuzi nautambua hata ukivaa tai.

Akaniuliza, "Kwa hiyo bibi, mjukuu anakusaidia tu?"

Nikamwambia, "Kijana, sisi watu wa kisiwa cha Terceira hatufanyishi mtu kazi bure. Kila Jumamosi anaondoka hapa na jibini zima."

Akaandika. Liduína akafumba macho. Mkaguzi alipoondoka, akaniuliza:

"Bibi, mbona hukusema nacheza tu?"

"Nimwambie mgeni kwamba mjukuu wangu kazi yake kucheza?"

"Basi ungenyamaza, bibi."

Kwa hiyo nimemponza mimi, kwa mdomo wangu. Hilo nalimeza mwenyewe. Lakini wewe je, mwenye hiyo leseni ya juu? Mtoto kakuandikia tangu Oktoba uliweke jina lake chini ya lako, ukamjibu avumilie kama ulivyovumilia. Ulivumilia nini wewe? Ulivumilia mezani kwangu, na kipanga wako akinyea mapazia yangu miaka saba. Mimi nilikudai karatasi gani?

Ijumaa ya wiki ijayo asipopeleka saini yako, wanachukua leseni, na Farrusca wanamchukua. Tangu Jumanne mtoto anamlisha ndege wake huku kanipa mgongo. Afadhali angenigombeza.

Fomu iko ndani ya kifurushi hiki, pamoja na jibini. Usilikate kabla hujatia saini. Yule mkaguzi nilimkatia kipande akakataa, eti akiwa kazini hapokei kitu. Angalau yeye anaifuata sheria yake. Yangu unaijua: aliyekula kwangu, akiitwa huitika.

Msalimie mkeo Filomena na mabinti, uwaambie bibi yao hajawakasirikia wao.

Roho Mtakatifu akulinde, na mkono wako auelekeze kwenye kalamu.

Mama yako mkubwa aliyekulea, akupendaye hata leo,
Ermelinda