Mkono Uliowalisha Mbu

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu uanguke mlangoni pa chumba cha mbu, kazini kwako, usiamke tena. Hata siku ya mwisho ulikuwa nao, si nami. Shemeji amenisihi niandike tangazo hili la kumbukumbu kwa upole. Nimemjibu kwamba mpole ulikuwa wewe. Mimi nina wivu, na mwaka mzima haujanipunguzia.

Nyumbani hukuua mbu kabla ya kumkagua miguu, kama ina madoa meupe ya mbu wa dengi. Mezani ulisimulia hayo hayo: kuna bakteria anayeishi ndani ya mbu bila kumdhuru, mama humrithisha mwanawe kupitia yai, na akishatulia humo jamii nzima ya vijidudu tumboni hubadilika. Wengine hupungua, wengine huongezeka, na virusi vya dengi hukosa pa kujishikiza.

"Mgeni akikuta viti vimejaa, ataondoka mwenyewe," ulizoea kusema.

Nami nilizoea kujibu kwamba hata moyoni mwako viti vimejaa, na waliokaa ni mbu.

Kila wiki uliingiza mkono kwenye kizimba chao cha wavu, majike wakanywa mpaka matumbo yakawa mekundu. Ulirudi na vipele, nikakupaka dawa huku nimenuna. Niliwaita wake wenza, ukacheka mpaka ukatoa machozi. Mimi sikuwa na mzaha. Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba njaa ya jike huisha kwa maji ya sukari. Damu anaitaka kwa ajili ya mayai. Mimi na wewe hatukujaliwa mtoto. Wao walipata maelfu kwa damu yako, na iliniuma kuliko nilivyowahi kukwambia.

Mwezi uliopita alinipigia mwenzako wa maabara, yule uliyembandika jina la Fundi Pamba kwa kuwa ndiye anayewachovyea pamba ya sukari. Alisema ukoo uliouanzisha bado upo na bakteria bado wamo, lakini mlishaji aliyeshika nafasi yako kapata mzio. Wakikosa damu hawatagi, na ukoo unaishia hapo. Nilikwenda kuwatazama na kinyongo changu chote. Walijazana kwenye wavu, wembamba, wana kiu ya damu, wala hawakunijua.

Watu wa maabara walinipima damu kwanza. Kisha Fundi Pamba akaniuliza taratibu, "Shemeji, una hakika?"

"Fungua," nikamwambia. "Nimechoka kusikia habari zao tu."

Waliniuma kweli kweli, nikawatukana mmoja mmoja. Baada ya siku chache akaniita nione mayai, madogo, meusi, yamejipanga kwenye karatasi yenye unyevu. Ukoo ni wako, na damu ya mayai yale ni yangu. Nilikaa nayo mpaka wakafunga ofisi.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anakuwekea kikombe, kaka yako, aliyetaka nifute nusu ya haya, wapwa zako, Fundi Pamba na maabara nzima, na mimi mkeo.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau. Hao wengine usiwawazie, nawalisha mimi.