Mifupa ya mama mukwe imebaki Kibua

Mupendwa Mama Généreuse, naomba unisaidie, roho yangu iko na furaha na tena inanichoma, na sijui mwingine wa kuuliza.

Mimi ni Drocella, mukulima wa Bihambwe. Vita ilitufukuza, mimi na bwana yangu Evode na watoto na mama yake, tukafika Kibua bila kitu, muzee mumoja anaitwa Noël akatupatia nyumba na kipande cha udongo ya kulima, tukakaa pale miaka ine, na kila asubuhi mama mukwe wangu, Mukagasana, alikuwa anatusomea neno ile Mungu alimwambia Yakobo wakati alikuwa anakimbia kwao, «Nitakurudisha katika inchi hii», na mimi, nisikufiche, nilikuwa nasema mu roho kwamba ile neno ni ya Yakobo, si ya sisi.

Kiisha mama akagonjwa. Siku moja Evode alikuwa shambani, mama akanishika mukono: «Drocella, Mungu atawarudisha. Yosefu aliwaapisha wandugu yake wabebe mifupa yake wakati watatoka Misri. Na wewe uniapie.» Nikamuapia, sababu alikuwa anakufa, na sababu sikuamini kama tutarudia. Muzee Noël akatupatia nafasi ya kumuzika, karibu na makaburi ya watu yake.

Kumbe tumerudia! Ni mwaka jana, Mama, wote wazima, nyumba tukakuta iko imesimama, mabati tu ndiyo ilikosekana, na maharagi imezaa mpaka tulikosa mifuko. Siku ya shukrani pasta akasoma mu Yosua kwamba katika maneno yote mema Bwana aliahidi hakuna hata moja ilianguka, watu wakapiga vigelegele, na mimi vilevile, kiisha nikaona haya, sababu Mungu alitimiza yake, yangu ndiyo imeanguka. Evode sijamwambia hata leo. Ameanza tu kucheka tena, na najua akisikia ataacha kila kitu ashuke mu ile barabara mubaya kuchimba kaburi, na jamaa ya Muzee Noël, wanaoipalilia sawa ya mama yao, watasema nini? Ninyamaze ao niseme?

*Mama Généreuse anajibu:*

Drocella dada yangu, pole kwa mama, na Mungu asifiwe kwa maharagi. Vigelegele vyako havina kosa. Mama Mukagasana angekuwa pale angepiga kukupita.

Sasa nikugombeze. Uliapa bila kuamini, hiyo tuiache, hata Sara alicheka. Lakini nani alikupa kazi ya kumuchagulia Evode huzuni gani anaweza kubeba? Ni mama yake yeye! Umemufanya mutoto mu nyumba yake, na unaita hiyo upendo.

Na soma ile kitabu ya Yosua mpaka mwisho. Waisraeli walitoka Misri na mifupa ya Yosefu, lakini walitembea nayo miaka makumi ine mu jangwa, na habari ya kuizika Shekemu iko pale karibu na mustari wa mwisho kabisa. Hakuna aliyesema kiapo imevunjika. Ilikawia, na wote walijua iko.

Kwa hiyo umwambie Evode leo, kabla ya kula. Asishike jembe. Mungoje kiangazi, na kama barabara iko salama muende wawili, musiende mikono mitupu, mumuulize Muzee Noël kwanza, udongo ni wake na upendo ni wake. Akikubali, muone shefu wa kijiji na watu wa afya, kaburi haifunguliwe ovyo. Akikataa, musigombane naye, mukae chini na wachungaji wa pande mbili. Lakini wewe, usilale tena na hii neno mu kinywa.

*Kiisha juma mbili, Drocella alituma ujumbe kwa simu:*

«Mama Généreuse, nilimwambia tukiwa tunachambua maharagi. Akaweka kitunga chini, akaniuliza: ‹Na wewe pia?› Kumbe mama alimwapisha naye, juma ile ile aliniapisha mimi, na Evode alinificha sababu aliona nimeanza kulala vizuri! Tukalia, tukacheka, mpaka watoto wakakuja kuangalia kuna nini. Tunaenda Kibua mwezi wa saba.»